Vibano Vilipopata Miguu

Hapa Lushoto wananitania kwamba mimi ndiye mstaafu pekee asiye na mvi. Wana haki yao. Niliacha kusuka nyuzi za raketi za tenisi kabla sijatimiza miaka thelathini, baada ya kifundo cha mkono wa kulia kugoma na daktari kuniambia nichague: ama raketi, ama kujichania nywele mwenyewe uzeeni. Siku hizi nauza miche ya mapeasi na matufaha, kazi isiyodai kuvuta kitu chochote. Lakini ninyi wadogo zangu mlioichukua ile mashine mnanipigia simu kuniuliza mambo ya vibano, nami naongea mpaka salio linakwisha. Bora niandike.

Kwa asiyeijua, mashine yenyewe ni ndogo, inakaa juu ya meza kama cherehani. Raketi inalazwa juu yake na kufungwa. Uzi unavutwa na mkono wa chuma wenye uzito mwishoni. Ukishavutwa, kibano kinaushika usirudi nyuma wakati wewe unahangaika na unaofuata. Kazi ya kibano ni kushika na kutulia, basi. Kibano kikiteleza au kikiinama hata kidogo, raketi inatoka mezani ikiwa nzuri kwa macho na inalegea kabla mchezaji hajatoa jasho.

Niliikuta kwenye stoo ya nyumba ya wageni nilikokuwa nafanya usafi, chini ya magodoro. Zamani wageni walicheza tenisi pale, lakini uwanja ulishaota majani na neti ilishageuzwa kamba ya kuanikia mashuka. Mwenye nyumba akaniambia, "Rukia, ukiweza kuifufua, ni yako." Sikuwa na mwalimu. Nilijifunza kwa video za simu, nimesimama kwenye ngazi ya nyuma ya jiko, mahali pekee mtandao uliposhika. Ukungu ukishuka, kioo cha simu kinalowa, nakifuta kwa kanga na kuendelea.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikisuka raketi naiona ina kosa, naikata, naanza upya. Mteja anakuja kuchukua, anakuta raketi yake imevuliwa nguo. Mama yangu alikuwa akipita mlangoni na kapu lake la karoti ananiangalia tu. Siku moja akauliza, "Hivi hiyo raketi imekukosea nini?"

"Nyuzi hazijakaa sawa, mama."

"Mbona mimi naziona sawa."

"Hazijakaa."

"Basi ipeleke kwa shehe ikaombewe dua."

Na kweli zilikuwa hazijakaa. Hilo ndilo lililokuwa likinitesa. Makosa mengine nilikuwa nayawaza tu, lakini hili lilikuwepo, na sikujua lilipojificha.

Mfano mmoja, ili mcheke kidogo. Mkono wa uzito unavuta sawasawa pale tu unapokuwa umelala, yaani umenyooka kama maji yaliyotulia. Mimi nilikuwa naulinganisha na kizingiti cha dirisha letu. Nyumba yetu iko mteremkoni, kama nyumba zote za huku. Baba aliijenga kwa kukata kilima, na kila kitu ndani yake kinaelekea bondeni kidogo: sufuria, vitanda, hata mlango unajifungua wenyewe. Nilisuka muda mrefu sana nikilinganisha mkono wa mashine na dirisha lililopinda. Ukiwa na mashine hii milimani usiamini dirisha, rafu wala meza. Chukua mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, ule wanaotumia waashi kupimia msingi, ujaze maji, ushike ncha moja huku na nyingine kule: maji ya ncha zote mbili yatakaa usawa mmoja. Maji hayajui kilima.

Wateja wangu walikuwa wageni wa kupita, watu wa klabu moja ya shamba la chai, na wasichana wa sekondari ya bweni. Mmoja wa wasichana hao ni Neema. Wazazi wake walitoka Njombe kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Bulwa, naye akazaliwa hukohuko. Shuleni alikutana na tenisi, na tenisi ikampenda. Raketi alikuwa nayo moja, aliyoachiwa na mgeni, ya zamani, yenye ufa mwembamba kama unywele karibu na kichwa. Nilikuwa nimeisuka mara mbili muhula ule, na alipoileta mara ya tatu nilijilaumu kabla hajafungua mdomo.

"Shikamoo, dada Rukia."

"Marahaba. Umekatika?"

"Haujakatika. Imelala."

"Imelala vipi?"

"Mechi ikianza inaongea vizuri. Seti ya pili nakuwa kama napigia chandarua."

Nikaibonyeza kwa kiganja. Kweli, chandarua. Nikamwambia nitaisuka upya bure. Hakuondoka. Alisimama akichezea mkanda wa begi.

"Dada, Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja walimu wa ile shule ya Tanga. Wanachukua wasichana wawili tu, wanawasomesha wenyewe mpaka kidato cha sita, kwa ajili ya tenisi."

"Najua. Mji mzima unajua."

"Baba mgongo umemkataa, hafanyi kazi tena. Nisipochukuliwa narudi Bulwa kuchuma chai na mama. Sio vibaya, mama kanilea kwa hiyo chai. Ila mikono yangu imeshazoea kitu kingine." Kisha akacheka, kwa sababu Neema hakai na huzuni muda mrefu. "Kwa hiyo usinisukie chandarua."

Usiku ule sikulala. Asubuhi dereva anayeniletea raketi za klabu akaniambia kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Kamwone Fundi Laurenti, Soni. Akishindwa yule, itupe mashine bondeni."

Fundi Laurenti alikuja Usambara kijana kutoka Kasulu, akafanya kazi ya kutengeneza mitambo kwenye kiwanda cha chai upande wa Bumbuli mpaka akastaafu. Sasa ananoa mikasi ya kuvunia chai kwenye kibanda chake cha mabati. Anazungumza Kishambaa kwa lafudhi safi kuliko mimi, na akisalimiwa "Onga maula" asubuhi anajibu "Niwedi" kama mtu aliyezaliwa Vuga. Niliifunga mashine nyuma ya bodaboda, nikaikumbatia njia nzima.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Umeleta mgonjwa gani?"

Nilimweleza kila kitu, kwa kirefu, pamoja na mambo ambayo hakuyauliza. Alinisikiliza huku akinoa. Kisha akachukua kibano kimoja, akakifungua mdomo, akakinusa.

"Hiki ni kibano cha raketi au ni kibatari?"

Nilikuwa navisafisha kwa mafuta ya taa. Nani huku asiyefanya hivyo? Mundu, pampu ya dawa, mnyororo wa baiskeli, mkasi wa chai, chuma chochote kikichafuka milimani kwetu kinaogeshwa mafuta ya taa. Nami nilikuwa naviogesha vibano vyangu kila wiki kwa upendo. Mafuta ya taa yanaacha utando. Uzi ukiteleza, nakaza skrubu. Nikikaza, mdomo unauponda uzi. Uzi uliopondwa unalegea haraka. Nikauona mduara wote niliokuwa nazunguka.

"Mkasi unataka uteleze," alisema. "Kibano kinataka nini?"

"Kisiteleze."

"Sasa mbona unavilisha chakula kimoja?"

Akanipa spiriti na mswaki mkuukuu. Mvisafishe hivyo, wadogo zangu: spiriti, mswaki, kitambaa kikavu, na msiviguse tena kwa vidole. Kisha skrubu ikazwe kidogo kidogo, ikiachwa palepale uzi unapoacha kuteleza, pasipo kuongeza hata robo ya mzunguko kwa ajili ya kujipa moyo. Mimi ni bingwa wa hiyo robo. Aliniona mkono ukienda akaupiga kwa ncha ya bisibisi.

Nilidhani tumemaliza. Yeye akachukua kalamu ya wino, akaweka alama kwenye uzi palepale unapoingia mdomoni mwa kibano, akaniambia nivute na kuachia. Tukainama wote wawili. Alama haikusogea, kwa hiyo uzi hautelezi tena. Lakini kibano chenyewe kiliinama, kama mzee anayesinzia msibani.

"Umeona?"

Niliona. Vibano vile havikuwa na mahali pa kusimama. Kila kimoja kilikuwa na midomo miwili: mmoja unashika uzi mpya, mwingine unauegemea uzi uliosukwa kabla yake. Kinaning'inia kati ya nyuzi mbili, na uzi mpya ukikivuta, uzi wa nyuma unakubali kidogo. Kidogo kile, ukikizidisha kwa nyuzi zote za raketi, ndiyo seti ya pili ya Neema.

"Huyu hana kosa," alisema Fundi Laurenti akinionyesha kibano. "Hana miguu tu. Tumpe."

Akatoa bamba la chuma kwenye rundo la vyuma chakavu na kuchora mistari miwili kwa chaki. Mpango ulikuwa hivi. Bamba lenye mifereji miwili likae chini ya raketi. Kila kibano kisimame kwenye nguzo fupi inayotembea ndani ya mfereji. Chini ya nguzo kuwe na kile kibanio chenye wenzo kinachokaza kiti cha baiskeli: ukilaza wenzo nguzo inaganda, ukiuinua inatembea. Mpaka hapo nilimfuata kwa furaha. Ndipo akachukua msumeno wa chuma.

"Unakata nini, fundi?"

"Mdomo wa pili. Hauna kazi tena."

"Fundi, hivi ndivyo vibano pekee nilivyo navyo."

"Najua."

"Ukikosea, hakuna raketi ya Neema. Hakuna raketi ya mtu yeyote."

Akauweka msumeno juu ya jiliwa la kubania vyuma, akakaa. "Binti, wewe unasuka raketi au unaipigia ramli? Ulichokiona kwa macho yako umekiona. Au niviache kama ulivyovileta, uende navyo nyumbani vikainame huko."

Nilitoka nje. Nikasimama kutazama maporomoko ya Soni mpaka yakanichosha. Niliporudi nilimkuta hajakata. Alikuwa amenisubiri na msumeno umelala palepale. Hilo nalikumbuka kuliko mambo mengi aliyonifundisha. Angeweza kukata nikiwa nje, nami ningemshukuru.

"Kata," nikasema.

"Kata wewe. Ni vyako."

Basi nikakata mimi, nikilia kidogo, simwambii mtu uongo, na yeye akashika taa.

Siku zilizofuata nilipanda na kushuka Soni kila asubuhi. Kwa ile mifereji tulitoboa matundu ya mstari kwa drili, kisha nikayaunganisha kwa tupa. Hapo ndipo nilipomwelewa yule mzee. Nilikuwa napiga msasa bamba zima, juu na chini, ling'ae. Akaniuliza upande wa chini nani ataulamba. Niliacha, ingawa kwa shida. Lakini ilipofika zamu ya kuhakikisha nguzo imesimama wima, alinirudisha mpaka nikachoka kumchukia. Na ilipofika midomo ya vibano alitumia alasiri nzima na karatasi nyembamba. Anabana kipande, anakivuta taratibu, anasikiliza, anasogeza, anabana upande mwingine. Karatasi ilipaswa kushikwa kwa nguvu ileile kila upande wa mdomo. Kwa kipimo hicho yeye alikuwa na wasiwasi kuliko mimi. Tofauti yetu ni kwamba yeye alijua wasiwasi wake auweke wapi, na sehemu nyingine aliziacha na kutu zake, anakunywa chai.

Ijumaa tukailaza raketi ya Neema kwenye mashine. Nikavuta uzi wa kwanza, nikasogeza nguzo, nikabana, nikalaza wenzo, nikaachia mkono wa uzito.

Kibano hakikwenda popote.

Tukaweka alama ya kalamu. Haikusogea. Nguzo haikuinama. Fundi Laurenti akatoa miwani, akaipangusa, akasema, "Haya, suka, mimi nina mikasi ya watu." Huo ndio ulikuwa wimbo wake wote wa sifa. Nilisuka mchana kutwa. Nyuzi za wima ziliimba sauti moja zikiguswa na kucha. Za mlalo nilizipitisha juu, chini, juu, chini, mpaka vidole vikapoteza hisia, na jua likaingia nyuma ya mlima nikifunga fundo la mwisho.

Jumamosi asubuhi, nikiwa namsubiri Neema kwenye geti la shule, nikaliona kosa. Uzi wa mlalo wa mwisho, kule chini karibu na koo, pale fremu inapokutana na mpini, ulipita juu mara mbili mfululizo mahali ulipotakiwa kupita chini. Kosa dogo, ambalo mtu asiye wa kazi hii haoni hata ukimwonyesha kwa kidole. Mimi niliona hilo tu. Raketi iliyobaki ilitoweka machoni pangu.

Nikampigia Fundi Laurenti.

"Iko wapi hiyo sehemu?" akauliza.

"Chini kabisa. Kooni."

"Mpira unafika huko?"

"Haufiki."

"Ukikata zote usuke upya, ule ufa utasemaje?"

Tulikuwa tunajua sote. Fremu ile isingestahimili kuvuliwa na kuvutwa tena kabla haijapumzika. Ingepasuka mezani.

"Sasa unanipigia nikuambie nini, Rukia?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. Nikakata simu. Neema alipotokea nikamwonyesha kosa kabla ya salamu. Aliitazama, akaigonga kwenye kiganja, akaigonga tena karibu na sikio.

"Dada, mpira nikiupigia huko chini si nitakuwa nimeshashindwa tayari?"

"Nilitaka ujue."

"Nimejua. Hongea sana." Akakimbia uwanjani, mtoto wa Njombe anayenishukuru kwa Kishambaa.

Sikuweza kuangalia. Nilikaa nyuma ya ukuta wa uwanja, mgongo kwenye matofali yenye umande, nikisikiliza. Msusi wa raketi anajua mengi kwa sikio. Raketi iliyokaza inatoa mlio mfupi, mkavu. Ikianza kulegea mlio unanenepa, kisha unakuwa kama kupiga mto. Nilisikiliza mechi ya kwanza nikingoja unenepe. Haukunenepa. Wasichana wakapumzika, wakarudi. Katika seti ya pili nilifumba macho. Mlio ulikuwa uleule, mfupi, mkavu. Ukungu ulipanda, watu wakajifunga makoti, na nyuma yangu raketi yenye kosa kooni na ufa kichwani ikawa inasema neno lilelile ililoanza nalo asubuhi.

Mechi ya mwisho Neema alifungwa na msichana kutoka Korogwe, mwenye mkono wa ajabu. Hakufungwa na raketi. Wale walimu wa Tanga waliwachukua wote wawili.

Tangu siku hiyo nilisuka raketi nyingi kwa vibano vile vyenye miguu ya baiskeli, na ndivyo mlivyovirithi. Msivibadilishe kwa sababu tu vina kutu upande wa chini. Kagueni kama nguzo zimesimama wima, kagueni midomo kwa karatasi, na mafuta ya taa yakae na mikasi.

Neema alirudi likizo yake ya kwanza. Alikuja moja kwa moja kutoka stendi, begi bado mgongoni, raketi ameifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Alinipa kwa mikono miwili, hanitazami usoni.

"Dada, nisamehe. Umekatika. Nilikuwa napiga tu sevu, mipira ya kuanzia, mazoezini."

Niliifungua. Uzi ulikuwa umekatika katikati kabisa, pale mpira unapopiga kila siku. Nikaupeleka dirishani. Haukuwa umepondwa na kibano wala kuteleza popote. Ulikuwa umelika kwa kusagana na wenzake, umekuwa mwembamba taratibu mpaka ukaisha. Nyuzi za pembeni nikazibonyeza kwa kidole gumba. Bado zilikuwa ngumu. Kabla ya hapo hakuna uzi wangu hata mmoja uliowahi kuishi muda wa kutosha kufa kifo hicho.

"Mbona unatabasamu na raketi imeharibika?" akauliza Neema.

Nikamwambia aweke begi chini akae, nikachukua mkasi, nikaanza kukata zilizobaki kutoka katikati kwenda pembeni.